Dakika Tatu Ambazo Hakimu Hakuzisikia

Pale gazetini tulimwita Hakimu, na wasomaji nao wakalidaka jina hilo wakamwita vivyo hivyo. Kila Ijumaa, ukurasa wa kumi na nne, alitoa hukumu juu ya sinema zilizoingia mjini wiki hiyo, na hukumu zake zilikuwa tatu tu. Sinema nzuri aliimalizia kwa neno moja: Nenda. Ya wastani: Ukipata nafasi. Mbovu: Kalale. Watu wengi waliruka makala nzima wakaenda moja kwa moja kwenye neno la mwisho, na jambo hilo lilimkera kweli. "Naandika maneno mia sita," alikuwa akisema, "wao wanataka moja."

Mimi ni msahihishaji. Meza yangu imetazamana na yake kwa miaka kumi na tisa, katikati yetu birika la chai na rundo la magazeti ya zamani. Marehemu mume wake nilisoma naye darasa moja, kwa hiyo tangu siku ya kwanza aliniita shemeji na mimi nikamwita shemeji, na wageni wa ofisi walidhani nimemwoa dada yake.

Kazi hiyo hakuisomea. Ujana wake aliumalizia katika ukumbi wa sinema, tochi mkononi, akiwaonyesha waliochelewa viti vyao. Sinema moja aliweza kuiona mara thelathini. Siku moja akasoma gazetini uhakiki wa bwana mmoja mwenye kupenda tai, ndiye aliyekuwa mhakiki wetu enzi hizo. Bwana yule alisifu jinsi shujaa alivyorejea nyumbani salama salimini. Kumbe shujaa alikufa. Aligongwa na gari moshi dakika kumi kabla ya taa kuwashwa, na mwenye tochi alijua nini kilichotokea, maana alimwona bwana huyo akitoka wakati wa mapumziko na asirudi tena. Akamwandikia mhariri barua ya mistari minane. Mhariri wa wakati ule alicheka mpaka akavua miwani, akaichapa barua katika safu ya wasomaji, na baada ya mwezi akamwita mwandishi wake aje ajaribu.

Alijaribu, akakaa. Sinema za matajiri na sinema za makabwela alizipima kwa mizani ileile. Juu ya picha moja kubwa ya kutoka mbali, aliandika: "Mji mzima umebomoka na hakuna hata mmoja aliyeulizwa jina lake. Kalale." Juu ya picha ndogo ya vijana wawili wa hapahapa, aliandika: "Kamera inatetemeka tangu mwanzo hadi mwisho. Wanasema ni huzuni. Mimi nasema hakuna aliyekumbuka kuleta stendi. Hata hivyo yule mama muuza duka ukimwangalia usoni, unasahau kila kitu. Ukipata nafasi." Vijana wale walikuja ofisini kumshukuru. Stendi kweli waliisahau.

Sasa, kama miaka miwili iliyopita, mambo yakaanza kubadilika polepole, na mimi niliyekaa mbele yake nilikuwa wa kwanza kuyaona na wa mwisho kuyasema. Alianza kulalamikia waigizaji. "Wa siku hizi wanatafuna maneno kama karanga," alisema. Kwenye simu na binti yake, ambaye ni nesi, alikuwa akikata maongezi katikati na kusema mtandao ni mbovu. Ukimsemesha ukiwa nyuma yake, hageuki; ukiwa mbele yake, anakujibu vizuri. Nilidhani ana mawazo. Mtu aliyefiwa na mumewe ana haki ya kuwa na mawazo.

Hukumu zake nazo zikahama. Picha za watu wanaotazamana bila kusema ziliingia Nenda moja baada ya nyingine. Za maneno mengi zote Kalale. Kisha ikaja picha moja ya vita, yenye ndege na mabomu na askari wanaopigiana makelele kwa saa mbili na nusu, naye akaisifia "utulivu wake". Wasomaji walipiga simu wakicheka. Mhariri akasema labda ni kejeli, Hakimu ana kejeli zake. Mimi niliisahihisha makala ile kwa mkono wangu. Koma zote zilikuwa mahali pake, nikaipitisha.

Halafu ikaja Msoma Mita.

Ilikuwa sinema ndogo, waigizaji watatu, nyumba moja. Mtu anayefanya kazi ya kusoma mita za maji nyumba hadi nyumba anarudi kumtunza baba yake, mzee ambaye kumbukumbu zinamponyoka na hamtambui tena mwanawe. Ukumbi mmoja tu ndio uliokubali kuionyesha, kwa wiki mbili. Hakimu aliitazama, akarudi akaandika. Nayakumbuka maneno yale maana niliyasahihisha: "Kijana anamuuliza baba yake: unanijua mimi ni nani? Baba hajibu. Tunaachiwa mgongo wa mzee na ukimya wa dakika tatu, kisha taa zinawashwa. Kuna ukimya unaosema na kuna ukimya wa mtu aliyekosa la kusema. Huu ni wa pili. Mwongozaji amekimbia swali lake mwenyewe. Kalale."

Gazeti lilitoka Ijumaa. Jumanne iliyofuata, ukumbi uliiondoa picha ile ukaweka nyingine.

Jumatano asubuhi akaingia ofisini mwanamke mfupi mwenye mkoba mkubwa begani. Aliuliza aliko Hakimu, akaonyeshwa, akaja akasimama mbele ya meza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mimi ndiye niliyetengeneza Msoma Mita."

Hakimu akaweka kalamu chini. "Karibu. Kama umekuja kunitukana, vuta kiti kwanza, utukane umekaa."

Yule mwanamke akaketi. Hakuonekana mwenye hasira, alionekana mtu ambaye hajalala vizuri siku kadhaa. Alieleza kidogo habari zake: kazi yake ni kupiga video za harusi, na sinema ile aliitengeneza kwa miaka miwili, siku za Jumatatu tu, kwa sababu Jumatatu hakuna anayeoa. Kisha akasema, "Sikuja kutukana, mama. Nina swali moja. Ulitoka kabla haijaisha?"

Bora angemtukana. Mimi nilijua historia ya mwenye tochi na bwana wa tai, na nilimwona Hakimu anavyokaza shingo.

"Binti yangu, mimi sijawahi kutoka. Hata zile ambazo waliozitengeneza wenyewe walitoka, mimi nilikaa."

"Sasa mbona umeandika baba hajibu?"

"Kwani anajibu?"

"Anajibu, mama."

Akatoa kompyuta yake ya kupakata, akaiweka juu ya rundo la magazeti, akatafuta mahali penyewe. Mimi nilijifanya nasoma, lakini shingo yangu ilikuwa imeshafika kwao. Kwenye kioo, mzee amekaa kitini akitazama dirishani, mgongo kwetu. Kijana amesimama mlangoni na daftari lake la mita. "Baba, unanijua mimi ni nani?" Kimya. Mzee hageuki. Halafu ikatoka sauti nzito, ya chini, yenye mikwaruzo: "Kifaranga, funga mlango. Unaingiza baridi." Kisha yule mzee akaanza kuimba, taratibu, wimbo wa kuhesabia watoto vidole, kidole cha kwanza, kidole cha pili, akaendelea hivyo mpaka kioo kikawa cheusi. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba Kifaranga ndilo jina la utani alilompa mwanawe akiwa mdogo, na kwamba katika picha nzima kijana anangoja kuitwa jina hilo. Wakati ule sikuelewa hayo. Nilisikia tu, nikiwa upande wa pili wa meza, feni ikiwa inavuma juu ya vichwa vyetu.

Hakimu alikuwa ameinama mbele, macho kwenye kioo, kidole kwenye kidevu. Ilipokwisha akaegemea nyuma.

"Si hii hapa," akasema kwa upole. "Umeona mwenyewe. Kimya tupu."

Mwongozaji akanitazama. Nami nikamtazama. Miaka miwili ya Jumatatu ilikuwa juu ya meza ile, na ushahidi wote alikuwa nao mkononi, mashahidi tupo. Akaifunga kompyuta.

"Samahani, mama," akasema, safari hii akimtazama usoni na kuyatamka maneno moja moja. "Nadhani spika za mashine hii zimekufa. Nimekupotezea muda."

Nilimsindikiza mpaka kwenye ngazi. Pale akasimama kurekebisha mkoba. "Bibi yangu alikuwa hivyo," akasema. "Miaka mitatu alitununia akidhani tunamsengenya. Usimwambie ni mimi niliyegundua." Akashuka.

Niliporudi nikakuta Hakimu amekaa vilevile. Nikachukua kikombe changu nikaanza kukoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

"Shemeji."

"Naam."

"Spika zilikuwa mbovu?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema ndiyo. Kusema kweli, neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, na ningelitoa tungekunywa chai yetu na siku ingeisha salama. Lakini mtu huyu aliniheshimu kwa miaka kumi na tisa kwa sababu moja tu, kwamba nikiona kosa nalitia alama.

"Hazikuwa mbovu," nikasema.

"Mzee alisema nini?"

Nikamwambia, uso nimeuinamishia kikombe. Hakusikia. Nikarudia kwa sauti zaidi. Bado. Mara ya tatu nikajikuta napaza sauti, "Kifaranga, funga mlango, unaingiza baridi," na ofisi nzima ikageuka, na mpiga picha aliyekaa karibu na mlango akainuka akaufunga.

Hakimu hakucheka. Aliinamisha kichwa akawa anapanga kalamu zake, ya bluu na ya bluu, ya nyekundu na ya nyekundu. Baadaye akasema, "Nilijua na sikujua, shemeji. Ukisema waigizaji wanatafuna maneno, wewe unabaki mzima. Nikawa nasema hivyo. Binti yangu nikamwambia mtandao. Wewe je, hukuona?"

"Niliona."

"Mbona hukusema?"

Nilimwogopa, nilimwonea huruma, vyote viwili, na vyote viwili havikumfaa kitu. Nikamwambia hivyo. Akatikisa kichwa, akasema, "Haya. Tumekosa wawili."

Jioni ile ile alimwambia binti yake. Nesi hakushangaa hata kidogo. "Mama," alimwambia, "miaka miwili nakupigia kelele kwenye simu mpaka wauguzi wenzangu wote wanajua siri za nyumbani kwetu." Siku ya pili akampeleka kwa daktari wa masikio. Walimwingiza kwenye chumba kidogo kama kabati, wakamvisha vipokea sauti, wakampa kitufe abonyeze kila akisikia mlio. Alibonyeza mara chache, akakaa akingoja waendelee. Alipofunguliwa mlango akauliza kama mashine imeharibika. Ilikuwa imeshamaliza. Sikio la kulia sauti za chini halizipati kabisa, la kushoto linapata nusu.

Alipewa kifaa cha kusikia, kidogo kama punje ya haragwe. Siku ya kwanza kurudi nacho nyumbani alikaa sebuleni akisikiliza jokofu. Alinisimulia kwamba alisikia kandambili zake mwenyewe sakafuni akageuka kuangalia nani anamfuata. "Nyumba yangu ina makelele," akasema, na machozi yakamlengalenga, lakini akajikaza kisabuni akabadilisha mazungumzo.

Kisha akaandika. Aliileta makala kwangu kwanza, nikaisoma, nikaipeleka kwa mhariri. Mhariri wetu wa sasa ni mtu mwema na mwoga, mchanganyiko unaopatikana sana ofisini. Alimwita Hakimu chumbani kwake, na mimi nikaingia kwa kisingizio cha karatasi.

"Mama, hii hatuwezi kuitoa," mhariri akasema. "Wasomaji wanakuamini."

"Ndiyo maana."

"Watasema hata zile nyingine hukuzisikia."

"Nyingine kweli sikuzisikia."

Mhariri akajifuta uso. "Tuandike masahihisho, mistari miwili. Tutaiweka chini ya ratiba ya mechi."

"Mwanangu, mimi kosa nililifanya kwa maneno mia sita, ukurasa wa kumi na nne, picha yangu ikiwa juu. Siwezi kulirekebisha kwa mistari miwili chini ya mpira."

"Na nikikataa?"

"Ukikataa nitakuandikia barua kama msomaji. Safu ya barua naijua njia yake, ndiko nilikoingilia."

Mhariri akanigeukia mimi, kana kwamba msahihishaji ana la kusema. Nikasema kwamba kuna koma moja inakosekana aya ya tatu, mengine yote ni sahihi. Ijumaa ikatoka nzima.

Aliandika: "Wiki tatu zilizopita niliwaambia kwamba baba hajibu. Baba anajibu. Mimi ndiye sikumsikia, kwa sababu masikio yangu yamepungua na nikaona aibu kukiri. Nilimwita mwongozaji mwoga kwa kunyamaza, kumbe hakunyamaza. Aliniletea kazi yake mpaka mezani, akaniona nilivyo, akaondoka akinisitiri. Sinema yake iliondolewa ukumbini kwa neno langu. Naomba irudishwe ili niitazame upya, na ninyi muitazame bila mimi." Mwisho wa makala, mahali pa hukumu, hakuweka neno.

Walioandika kumcheka walikuwepo. Mmoja aliuliza kama tutamwajiri pia mhakiki wa muziki wa aina hiyo. Mwingine alitaka tufute hukumu zote za miaka miwili. Hakimu alisema huyo wa pili ana hoja. Akatengeneza orodha ya sinema alizohisi amezikosea, zikawa kumi na moja, akaanza kuzitazama tena moja moja, nyingine ukumbini, nyingine nyumbani na binti yake. Sita hukumu zilibaki palepale. "Ubovu mwingine hauhitaji masikio," akasema. Nne zilipanda. Moja ilishuka, nayo ni ile picha ya vita. Aliingia na kifaa chake kipya, akavumilia nusu saa, akakizima akamalizia bila sauti. Aliandika kwamba bila sauti ni picha yenye utulivu kweli, na kwamba mwenye masikio mazima: Kalale.

Ukumbi uliirudisha Msoma Mita kwa siku tatu, maonyesho ya alasiri. Siku ya kwanza walikuja watu kumi na wawili, ya pili ishirini na kitu. Siku ya mwisho Hakimu alisema, "Shemeji, funga hayo makaratasi twende," nami nikaenda naye. Tulikuwa kama arobaini. Nesi alikaa kushoto kwa mama yake, mimi kulia, na mwongozaji alikuwa nyuma kabisa, amesimama, ameshindwa kukaa.

Sitaisimulia picha yote. Ilipofika kwa mzee na dirisha, Hakimu alishika mkono wa kiti changu. Sauti ikatoka. Safari hii aliisikia, niliona midomo yake ikihesabu vidole pamoja na mzee, mpaka cha kumi. Taa zilipowashwa hakuinuka haraka. Watu walitoka, sisi tukabaki, mwongozaji akashuka taratibu mpaka kwenye safu yetu.

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia." Alimshika mkono kwa mikono yake miwili. "Nisamehe."

"Nilishakusamehe kwenye ngazi."

"Asante. Mwisho wako ni mzuri kupita yote niliyoona mwaka huu. Lakini katikati pale, ile safari ya kwenda ofisi ya maji, mara mbili mtu anapanda ngazi zilezile. Ya nini?"

Nesi akamkanyaga mguu mama yake, waziwazi. Mwongozaji akacheka, kicheko cha kwanza nilichokisikia kwake. "Jumatatu ile mwigizaji mmoja hakuja," akasema. "Sikuwa na kitu kingine cha kupiga. Hata mimi zile ngazi huniudhi."

Hukumu ilitoka Ijumaa: Ukipata nafasi. Simu zilipigwa, wasomaji wakilalamika kwamba baada ya yote yaliyotokea alipaswa kumpa Nenda, angalau kwa utu. Mwongozaji mwenyewe hakulalamika. Kuna ukumbi wa mji mwingine ulioichukua picha yake kwa wiki moja, na tangu mwezi uliopita anapiga sinema ya pili, bado Jumatatu.

Aliyelalamika zaidi ni mimi. Nilimsubiri Hakimu aketi, nikamwambia picha ile ni Nenda, na ngazi zile kwangu zilikuwa sawa, kijana alikuwa amechoka na mimi nikachoka naye. Akaondoa miwani akanitazama kama mtu aliyeona kiti kinazungumza.

"Shemeji, miaka kumi na tisa hukuwahi kuwa na maoni."

"Sasa ninayo."

"Basi yaandike," akasema, akanisukumia karatasi tupu. "Maneno mia sita. Na usinipe moja tu."